Namna ya Kuingia Mtaa wa Sikukuu na Kutoka Ukiwa Wewe Yule Yule

Vifaa ni vitatu: daftari, kalamu, na ndugu mmoja asiyekuonea haya. Daftari na kalamu vinauzwa kila genge. Ndugu wa namna hiyo hauzwi, ila kila ukoo umejaaliwa angalau mmoja, na wa kwetu ni wifi yangu. Haongei sana. Anauliza tu, “Hiki cha nani?” kisha ananyamaza mpaka ujibu. Mtafute wa kwenu mapema na umpikie kitu kizuri, maana kazi utakayompa si nyepesi. Atakuwa mlinzi wa mkoba wako na wa nafsi yako, kuanzia Shaabani hadi mwezi uandame.

Nimesema Shaabani na ninamaanisha Shaabani. Anayeanza kupanga kumi la mwisho la Ramadhani hapangi, anakimbizwa. Siku hizo Mtaa wa Congo wa Kariakoo hutembei kwa miguu yako, unasukumwa na mabega ya wenzako. Jua la saa tisa, koo limekauka, spika nne zinapiga kelele pamoja, “Tano tano! Tano tano!”, na mtoto amekushika gauni anakuonyesha kiatu chenye taa. Katika hali hiyo mtu hana msimamo, ana mikono tu. Kariakoo ilipata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na kila Ramadhani nusu ya Dar es Salaam hurudi pale kubeba mizigo. Mingi si yetu. Ni mizigo ya macho ya majirani. Pale Kariakoo upo hata mtaa unaoitwa Sikukuu, na wako watu wanaoingia humo na hela ya ada ya shule wakatoka na mapazia.

Kwa hiyo kabla hujapanda daladala, kaa na ndugu yako huyo muandike mnachokiamini. Maneno ya semina yaacheni ofisini. Uwajibikaji, uendelevu na mengine ya jamii hiyo utakuwa umeyasahau kabla hujafika Msimbazi. Andika sentensi ambazo bibi yako angezisema huku anachambua mchele, na zisizidi 3, kwa sababu kwenye joto lile kichwa hakishiki ya 4. Zangu ni hizi. Aliyenifanyia kazi alale amelipwa. Mwanangu asivae deni. Nisimpe mtu kitu ambacho ningeona haya kukipokea. Nimezibandika ndani ya mlango wa kabati, pale ninapoweka mkoba. Jirani yangu Mkristo, anayekwenda kwao Moshi kila Desemba, naye ana zake, na siku tuliposomeana tulikuta ya kwanza inafanana neno kwa neno.

Sasa fungua ukurasa mpya. Wengi huanza na orodha ya watakaowapa. Wewe anza na orodha ya wanaokudai.

Fundi wangu wa nguo ana kibanda Magomeni, upana wake cherehani moja na kiti. Mwaka juzi, usiku wa mwezi 28 Ramadhani, nilimfuata baada ya tarawehe kuchukua magauni ya wanangu. Balbu ilining'inia chini sana, karibu imguse kipaji cha uso. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa na plasta, sindano ilimpitia siku mbili nyuma. Mguu haukuacha kanyagio. Nyuma yake, kwenye kamba, zilitundikwa nguo zilizokwisha kushonwa, kila moja na kikaratasi kimebanwa kwa pini: jina la mteja, kiasi, na alama ya vema kwa waliomaliza kulipa. Nilizihesabu nikimsubiri amalize pindo la gauni la mwisho. Nguo 31. Zenye vema zilikuwa 9.

“Hawa wengine watalipa lini, fundi?”

“Baada ya sikukuu, dada. Wakishatulia.”

“Na watoto wako umewashonea?”

Alikata uzi kwa meno, akacheka kidogo. “Wa kwangu watavaa za mwaka jana. Nitazipiga pasi vizuri.”

Kati ya wenye nguo zile 22 alikuwemo mtu ambaye wiki hiyo hiyo alifuturisha msikiti mzima. Fundi alinitajia bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Watu walikula wakashiba, wakamwombea dua. Lakini sehemu ya kile chungu ilipikwa kwa hela ya fundi, na fundi hakualikwa.

Mafundisho ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka yanajulikana hata na asiyesali, kwa hiyo hatua hii haina mjadala. Peleka kitambaa Shaabani, toa nusu siku hiyo hiyo, na siku ya kuchukua nguo toa iliyobaki kabla hujaijaribu. Mlipe muuza mkaa. Mlipe kijana wa bodaboda unayemwambia “tutaonana” tangu mwezi uliopita. Mlipe aliyekufulia mazulia. Hiyo si sadaka, usiiandike kwenye hesabu ya sadaka wala usitegemee dua kwa ajili yake. Ni mali yao iliyolala kwako.

Na juu kabisa ya orodha hiyo mwandike dada wa kazi. Pilau la Idi lina mpishi, na mpishi huyo ana mama yake mahali anayemngojea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, na inasema anayefanya kazi siku ya mapumziko ya kitaifa alipwe mara mbili ya mshahara wake wa kawaida kwa kila saa. Nyumba nyingi zinaisoma sheria hii kana kwamba imeandikwa kwa ajili ya viwanda peke yake. Mimi namuuliza mapema: “Mdogo wangu, Idi unakwenda kwenu au unabaki?” Akienda, anapewa mshahara na nauli kabla mabasi hayajajaa. Akibaki, siku hiyo inalipwa mara mbili, na doti ya kanga ninayompa ni zawadi juu ya hapo. Kanga si mshahara. Tusizichanganye, kwa sababu yeye hazichanganyi. Anajua vizuri kipi ni chake na kipi amepewa.

Ukishamaliza ukurasa huo, hesabu kilichobaki. Huenda ni kidogo. Hapo ndipo shetani wa sikukuu anapopiga simu, na siku hizi anaitwa kausha damu. Unakopa asubuhi kwa kuonyesha kitambulisho na kuorodhesha vyombo vya ndani, kesho yake unaanza kurejesha, kila siku ya Mungu, na siku ukikosa wanakuja vijana kubeba mtungi wa gesi na televisheni huku mtaa mzima unatazama. Nimeona mtungi ukitoka namna hiyo Idi pili, mchana, sufuria ya pilau la jana ikiwa bado jikoni, na watoto wamesimama mlangoni na nguo zao mpya. Mama yao alikuwa amezikopea nguo zile.

Riba imekatazwa waziwazi kwetu. Mtu anafunga siku 29 au 30, anajizuia na maji yaliyo halali yake, kisha anamvisha mwanawe riba kuanzia kofia hadi soksi. Simlaumu yule mama, maana aliogopa watoto wake wasichekwe, na woga huo naujua. Nawalaumu wanaocheka. Mafundisho ya siku ya Idi ni kuvaa kilicho bora katika ulivyo navyo; sharti la upya tumeliongeza wenyewe, tukisaidiwa na wenye maduka. Nguo ya mwaka jana iliyopigwa pasi vizuri inatimiza. Kama ni lazima kununua, omba zamu yako ya upatu iangukie Rajabu, au weka kidogo kidogo kwenye kikoba tangu Mfungo Nne. Na ukiwa mtu mzima kwenye mtaa wako, siku ya Idi msifu kwa sauti mtoto aliyevaa nguo ya zamani. Mwite mbele ya wenzake, mwambie amependeza. Haina gharama, na inamfunga mdomo mama yeyote aliyetaka kuuliza mbona hajashonewa.

Haya, sasa tunaweza kuingia sokoni.

Nenda asubuhi, na nenda na kikapu cha ukili. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na tulifurahi, lakini nafasi yake imechukuliwa na ile mifuko mbadala ambayo ukinunua vitu sita unarudi nayo sita, na mvua ya kwanza ya masika utaikuta kwenye mtaro. Kikapu changu nilikinunua kwa mama aliyekuwa amekaa chini pembeni mwa soko, ametandika kanga. Alikuwa anasuka kingine huku anauza, vidole vinakwenda vyenyewe, macho yako kwa wateja. Mtu aliyekuja kabla yangu alimkaba bei mpaka mama wa watu akanyamaza. Nilimfahamu mnunuzi yule kwa sura. Dukani kwenye kiyoyozi hulipa kilichoandikwa bila kufungua mdomo. Ukitaka kubishana bei, na kubishana ni sehemu ya utamu wa soko, bishana na mwenye maghala. Anayesuka kwa mikono yake mwache na bei yake.

Kisha kofia. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kofia inaweza kukufundisha namna ya kununua kila kitu kingine. Kwenye meza moja utakuta mbili zinazofanana, moja ya mashine, iliyokuja na kontena, na nyingine kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono. Zishike zote, uzigeuze ndani nje. Ya mashine itakuonyesha nyuzi zilizotapakaa, zimerukwa kutoka ua hadi ua. Ya mkono ndani yake inakaribia kuwa safi kama nje. Kisha ziinue kwenye mwanga. Viua vya mashine vingi ni picha tu ya tundu, mwanga haupiti. Vya mkono kila kimoja ni tundu kweli: mtu ametoboa kwa sindano, akauzungushia ukingo wake uzi hadi ukakaza, akahamia kinachofuata, mamia ya mara, kati ya kupika na kunyonyesha, kwa majuma mengi. Ndiyo maana kichwa chenye kofia hiyo kinapata hewa. Kazi hii iko pwani yetu kuanzia Lamu hadi Unguja, na sehemu kubwa imo mikononi mwa wanawake ambao hawafiki mjini kuuza wenyewe. Mchuuzi anakwenda kwao, ananunua kwa anachotaka, na tofauti inabaki njiani.

Sisemi mnunulie kila mtoto kofia ya viua. Bei yake haiko hivyo. Nasema nunua moja, kwa mtu mmoja, na kama una jamaa Unguja au Lamu mtume akainunue nyumbani kwa mshonaji, mkono kwa mkono. Mpe baba, au kijana aliyehitimu madrasa. Itafuliwa, itatiwa wanga, itavaliwa miaka mingi, na mwaka ujao hutahitaji kununua nyingine. Ile ya mashine haina dhambi; mtoto wa miaka 5 atakayeipoteza kabla ya adhuhuri mnunulie hiyo.

Kanga nunua kwa kusoma. Pindo na mji ni vya macho, jina ndilo litakalozungumza kwa niaba yako ukishaondoka. Ukimpelekea mama mkwe doti ambayo jina lake ni la kumsuta mke mwenza, utakula sikukuu umesimama. Mwambie muuzaji akufungulie, soma polepole, na kama una miwani ivae.

Midoli nitapita haraka. Bastola za plastiki za kurusha vidonge sinunui, na wanangu wanajua hata kabla hatujafika mezani. Siku ya amani sitaki mtoto wangu aimalize kwa kumlenga mwenzake jicho. Na kiatu chenye taa, kile alichonionyesha mwanangu wa pili akiwa amenishika gauni, niliwahi kukinunua. Kilizima Idi pili, soli ikafuata Idi tatu. Kwa hela ile ile na nyongeza ndogo angevaa viatu vya ngozi vya kwendea shule hadi Desemba. Siku hizi ndivyo ninavyonunua: kitu cha Idi lazima kiwe na kazi Jumatatu.

Sasa kutoa, ambako kuna makosa mengi zaidi kuliko kununua, kwa sababu kwenye kununua angalau mtu anaogopa kupunjwa.

Miaka michache nyuma wanakikoba wenzangu na mimi tulikwenda kituo kimoja cha kulelea watoto. Ilikuwa mwezi 25 Ramadhani. Tulikuwa tumechangishana vizuri: sukari, juisi za boksi, biskuti, na bango lenye jina la kikundi. Mlezi wa kituo alitupokea kwa furaha, akaniomba nimsaidie kupeleka katoni stoo. Alipofungua mlango ilibidi ausukume kwa bega. Chumba kilikuwa kimejaa hadi usawa wa dirisha. Biskuti za chapa ile ile tuliyoleta. Tende. Sabuni za mche. Juisi ambazo zilikuwa zimebakiza wiki tatu muda wake wa kutumika uishe. Alitafuta mahali pa kuweka katoni yangu, hakupaona, akaiweka juu ya mashine ya kufulia iliyoharibika.

“Mama, Mungu awalipe,” aliniambia. “Lakini nikwambie kweli? Mfungo Tano hapa haji mtu. Mwaka jana tulikatiwa maji siku tisa. Na nina wasichana 14 wakubwa, taulo za kike sijaletewa hata pakiti. Labda kwa kuwa hazipigiki picha.”

Tazama kalenda yetu wenyewe utamwelewa. Ramadhani ikiisha inaingia Mfungo Mosi, watu wamechoka na mifuko imekauka. Mfungo Tatu kuna Idi ya kuchinja, nyama inafika. Mfungo Sita ni Maulidi, wageni wanarudi. Mfungo Tano uko katikati, hauna sikukuu wala bango, na watoto wana matumbo yale yale. Wanaotafuta fadhila za Ramadhani siwakatazi, nami nazitafuta. Toa Ramadhani, lakini toa kitu ambacho Mfungo Tano kitakuwa bado kipo. Kalipie maji mbele. Peleka taulo za kike za miezi sita kwenye mfuko usioonyesha kitu. Omba namba ya mita ya LUKU ya kituo na uwe unanunua umeme kwa simu yako, kidogo kila mwezi, ukiwa umekaa kwako. Namba ya mita haina sura ya kupigwa picha, na mtoto anasomea mwanga wake.

Juu ya kamera nitakuwa mkali. Mtoto aliyesimamishwa mbele ya bango, ameshikishwa kilo mbili za sukari, ameambiwa atabasamu, atakuwa na miaka 20 siku moja na picha hiyo itakuwa bado inazunguka. Hakuulizwa. Asingeweza kukataa, sukari ilikuwa imekwisha kushikwa. Qur'ani katika Suratul Baqara imeonya kwamba masimango na udhia hubatilisha sadaka, na mimi sioni simango refu kuliko picha isiyofutika. Kama kikundi kinataka ushahidi wa matumizi, na kina haki ya kuutaka, piga picha stakabadhi. Kama unataka kumbukumbu, pigeni yenu wenyewe mkiwa mnapakia gari. Mlango wa kituo ukifunguliwa, simu ziingie mifukoni.

Na usipange foleni ya maskini getini kwako. Tarehe 19 Aprili 2023, siku chache kabla ya Idi, mamia ya watu walikusanyika kwenye shule moja mjini Sana'a, Yemen, wakingoja wafanyabiashara wawagawie riali 5,000 kila mmoja, kiasi kisichofika dola 10 za Marekani. Walikanyagana. Watu wasiopungua 78 walikufa. Waliotoa walitoa kwa nia njema, mali yao wenyewe, mwezi mtukufu, na watu wakafa mlangoni. Sadaka ina miguu. Ipeleke nyumbani kwa mtu, usiku ikiwezekana, mmoja mmoja. Ni kazi kubwa kuliko kusimama getini na mabunda, ndiyo. Lakini aliyesimamishwa juani saa tano amekulipa tayari kwa chochote utakachompa.

Kuwa makini na simu pia. Ule ujumbe wa matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” nao ukifika Ramadhani huvaa kanzu: unakuwa mtoto anayehitaji upasuaji, msikiti ambao haujaezekwa, yatima 40 bila futari. Usiache kutoa kwa kuogopa matapeli, maana tapeli akifanikiwa kukufunga mkono amemwibia mgonjwa wa kweli. Thibitisha tu. Ni mgonjwa? Uliza yuko hospitali gani, wapigie ustawi wa jamii wa hospitali hiyo, lipa bili dirishani. Ni kituo cha watoto? Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 kituo kinatakiwa kuwa na leseni. Omba kuiona, na uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya eneo hilo. Mlezi mwaminifu hakasiriki akiulizwa leseni. Yule wangu wa stoo aliitundika ukutani, juu ya ratiba ya chakula.

Kisha rudi kwenye ukoo wako. Wengi wetu tunaruka juu ya paa la dada zetu kwenda kutafuta maskini. Kumpa ndugu kunahesabiwa mara mbili, sadaka na kuunga udugu. Zaka ya mali, ile ya asilimia 2.5 kwa anayemiliki thamani ya gramu 85 za dhahabu iliyokaa naye mwaka mzima, huwezi kuwapa wazazi wala watoto wako, kwa sababu hao ni jukumu lako kwa hali yoyote. Lakini dada, shemeji, mtoto wa ami, wanaingia kama wana sifa. Mafungu ya wanaostahiki ni 8, na moja ni la wenye madeni. Hili fungu tunalisahau. Yule mama wa mtungi wa gesi ni wa fungu hilo. Zaka ya mtu mmoja mwenye duka la wastani Kariakoo ingeweza kumtoa kwenye daftari la kausha damu siku ile ile, mtungi ukarudi jikoni kabla watoto hawajavua nguo za Idi. Alikuwa mtaani kwetu. Hakuna kati yetu aliyekuwa amemuuliza kitu, na hilo limenifanya sasa niulize: si “una shida?” maana atasema hana, bali “unadaiwa na nani?”

Imebaki pishi.

Zaka ya fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, hata mtoto aliyezaliwa leo asubuhi: vibaba 4 vya chakula cha mji, kiasi cha kilo 2 na nusu hadi 3. Itoke kabla ya sala ya Idi. Ikichelewa inakuwa sadaka ya kawaida, na aliyeingojea atakuwa ameamka siku ya Idi hana cha kupika. Hapa jaribu ni moja tu, na linakuja limevaa nguo za busara. Muuza mchele atakuuliza, “Ni wa kula au wa fitri?” Ukisema wa fitri anakuelekeza kwenye chenga. Kaunta nzima inajua utaratibu huo. Wa Kyela wa kula sisi, chenga za kuwapa wao.

Wifi yangu alikuwepo siku niliyoulizwa hivyo. Hakumjibu muuzaji. Alinigeukia mimi, akauliza lile swali lake, “Hiki cha nani?” Nilinunua gunia moja. Tangu siku hiyo nyumbani mchele wa fitri na mchele wa pilau vinatoka kwenye gunia moja, mbele ya watoto, ili waone.

Mwaka huu alipima mwanangu wa pili, yule wa kiatu chenye taa, sasa ana miaka 10. Tuko 6 nyumbani, kwa hiyo vibaba 24, pishi mbili mbili kwa nyumba tatu. Mwezi ulikuwa umetangazwa, mtaa mzima unanuka vitunguu vya kukaanga. Alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni na kile kibaba cha bati cha bibi yake, akakizamisha kwenye gunia, akakiinua, akashikilia kiganja juu yake kama anayetaka kukifuta.

“Mama, cha tele au cha mfuto?”

“Cha tele.”

Akaondoa mkono, mchele ukabaki umechongoka, na punje chache zikamwagika kwenye goti lake. Alimimina pishi mbili za kwanza kwenye kikapu cha ukili, akafunika kwa kanga, akatokea mlango wa uani kama nilivyomwelekeza. Akaenda mara ya pili, akaenda mara ya tatu. Nyumba ya tatu alikaa kidogo. Aliporudi alikuwa anatembea kwa uangalifu, mikono miwili chini ya kikapu, na ndani yake mlikuwa na ndimu 3.